Karai la Mwanajumbe

Palikuwa na Sultani mmoja, jina lake Harithi, mwenye hospitali pekee nchini iliyojua kuziba moyo unaovuja. Maana moyo, jamaa zangu, una vali, vijilango vya kupitisha damu isirudi ilikotoka. Kikilegea kimoja, mtu mzima anahema kwa kufunga kikoi tu.

Bei ya kuziba ilikuwa rupia mia. Lakini Sultani akatoa amri: kabla ya kuzibwa, mgonjwa apimwe nguvu. Akamue kitambaa kibichi, kisha atembee kutoka nguzo hii hadi ile, karani akihesabu mpaka kumi. Akishindwa, anaandikwa "legelege" na kulipa maradufu. Kwa nini? Kwa sababu legelege hulala kitandani siku nyingi, akamaliza uji wa Sultani. Na uji wenyewe mngeuona! Mwepesi, unajitazama humo ukachana nywele.

Mwanajumbe, mkaanga mihogo wa sokoni, alimpeleka huko mumewe, Shomvi, mwenye moyo unaovuja, naye mume akitembea kwa miguu yake mwenyewe. Wakaambiwa wangoje zamu uani. Wakangoja miezi mitatu kwa uji ule ule. Zamu ilipofika, ndipo kipimo kikaletwa. Shomvi akakamua kitambaa, hata tone halikutoka. Akafika nusu ya njia, akashika ukuta.

"Legelege," karani akaandika. "Rupia mia mbili."

Mwanajumbe alikuwa na mia tu, nayo aliipata kwa kuuza shamba. Tabibu akamnong'oneza kwamba moyo ule hautamaliza mwezi. Mwanajumbe akalia, tena akalia sana, kwa kuwa alimpenda mumewe. Kisha akajifuta kwa upindo wa kanga, akachukua karai lake la kukaangia, akaenda barazani kwa Sultani.

Siku hiyo ilikuwa Jumatatu, siku ambayo Sultani huamua kesi za mafundi na wateja wao mbele za watu. Alipenda mno kusifiwa kwa uadilifu, na hukumu yake ikishagongwa muhuri, hata yeye hawezi kuifuta.

"Maulana," Mwanajumbe akaanza, "karai lilikuwa na tobo moja. Nikampelekea fundi alizibe."

"Enhe?"

"Akaliacha uani miezi mitatu. Mvua yake, umande wake. Likashika kutu. Leo anataka nilipie tobo, nilipie na kutu."

Sultani akacheka mpaka kilemba kikaenda upande. "Fundi gani huyo asiye na haya? Wewe ulimpelekea kutu?"

"Tobo tu, Maulana."

"Basi tobo ni lako, kutu ni yake! Azibe kwa bei ya tobo, na kutu aisugue kwa gharama zake. Tena leo hii! Karani, andika."

"Na kama fundi ni mkubwa wa watu?"

"Hata akiwa mimi!" Sultani akajipiga kifua. Watu wakashangilia. Muhuri ukagongwa, pa! "Haya, bibi, mtaje tumjue."

"Ni wewe, Maulana."

"Mimi?"

"Wewe. Karai lenyewe linaitwa Shomvi. Liko uani kwako, limeegemea ukuta. Nililileta na tobo la moyo, basi. Ulegevu limeushikia kwako."

Mzee mmoja nyuma akajitia kukohoa ili asicheke, akakohoa kupita kiasi. Karani akautazama muhuri wake kana kwamba umemuuma.

"We mwanamke!" Sultani akafoka, jasho likimtoka. "Nimehukumu karai mimi! Mtu si karai!"

Mwanajumbe akaliinua karai lake, akalipangusa vumbi taratibu, akalitia kwapani.

"Hilo kweli, Maulana. Karai limepata haki yake papo hapo. Mtu bado anangoja uani."