Sweta la Matuta ya Viazi

Hii niliipokea kwenye kundi letu la wafumaji. Niliisoma nikaweka sindano chini. Nikiibana peke yangu nitakuwa mchoyo, basi nawe isome.

Huko Njombe, kwenye baridi ya kugonganisha meno, paliishi mama mmoja aitwaye Lusungu. Watu walimwita Mama Yoeli, kwa jina la mwanawe wa kwanza. Kazi yake ilikuwa kufuma masweta ya watoto wachanga kwa mkono na kuyauza kwa simu. Alipiga picha, akaiweka mtandaoni, wateja wakaagiza, naye akawatumia mzigo kwa basi.

Wafumaji wengi hufuata mitindo ya vitabuni. Lusungu alikuwa na kiburi kidogo, kile kizuri: hakutaka kufuma kitu ambacho hakukibuni mwenyewe. Alichora kwenye karatasi ya vijimraba, kila kijimraba mshono mmoja. Akafuma, akaona sweta limepinda, akafumua, akachora tena. Mtindo wake uliopendwa kuliko yote aliuita matuta ya viazi, mistari iliyoinuka ikapanda kifuani kwa mshazari kama shamba la mlimani. Ulimchukua masika nzima mpaka ukatulia.

Kila sweta alilipiga picha kwa mbele tu, limelazwa juu ya kitenge, maana matuta yalikuwa huko mbele.

Mtaa wa pili aliishi Skolastika, mfumaji pia, mwenye mashine ya kufumia na mikono myepesi. Akaiona ile picha. Akaikuza kwa vidole viwili, akahesabu mishono mmoja mmoja, na kabla wiki haijaisha naye akawa na matuta ya viazi mtandaoni, tena kwa bei ya chini. Wahenga walisema usisafirie nyota ya mwenzio, lakini wahenga hawakuwa na simu.

Wateja wa Lusungu wakaanza kupungua. Ilimuuma sana. Sweta moja alikaa nalo siku kadhaa, na mwenzake alitoa kadhaa kwa siku.

"Acha kuweka picha," mumewe akamwambia. "Unamwonyesha mwizi mlango wa ghala."

"Nisipoonyesha, nitamuuzia nani?"

Alijibu hivyo, lakini moyoni alishaanza kukata tamaa. Alijisemea kwamba msimu ukiisha hivi, sindano ataziweka kabatini arudi kwenye vibarua vya mashambani.

Ndipo akatokea Bi Mwanaidi, mwenye duka la nguo za watoto kule Mbeya. Alitaka mfumaji mmoja wa kumletea masweta msimu wote wa baridi. Matuta ya viazi alikuwa ameyaona kwa wote wawili, na hakujua nani kayaanzisha. Akafunga safari hadi Njombe, akawaita kwenye nyumba aliyofikia, kila mmoja aje na sweta moja.

Yalipowekwa mezani, Lusungu mwenyewe alinyong'onyea. La Skolastika lilikuwa limenyooka kuliko lake. Mashine haichoki wala haipigi chafya, mishono yake yote hulingana.

Bi Mwanaidi hakuyagusa. Akamgeukia binti wa mwenyeji wake, aliyekuwa akinyonyesha pembeni.

"Mwanangu, hebu niazime mjukuu." Kisha akawaambia wafumaji, "Mvalisheni. Mmoja mmoja."

Skolastika akatangulia. Sweta likafika kwenye paji la uso, likagoma. Akalivuta kidogo. Likafika masikioni, likakwama pale pale, na mtoto akaachia yowe la kuita majirani.

"Dada, taratibu! Utamng'oa masikio!" mama mtu akaruka kutoka kitini.

Likavuliwa kwa shida. Lusungu akampokea mtoto, akambembeleza kwanza hadi aliponyamaza. Kisha akaligeuza sweta lake. Mgongoni, kutoka shingoni kushuka chini, kulikuwa na mpasuo wenye vifungo vidogo. Akavifungua, kichwa kikapita bila taabu, akavifunga. Mtoto akapiga mwayo.

"Mbona kwenye picha sikuviona vifungo hivyo?" Bi Mwanaidi akauliza.

"Viko nyuma, mama, nami napiga mbele. Yoeli wangu alizaliwa na kichwa cha baba yake. Sweta la kwanza lilimkwama masikioni, akalia mpaka nami nikalia. Nikalifumua lote, nikaanza kuchora upya kutoka mgongoni. Haya matuta yalikuja baadaye kabisa."

Skolastika akalikunja sweta lake. "Mimi nililijaribisha kwa mwanasesere," akasema kwa sauti ndogo. "Lilimkaa vizuri sana."

"Mwanasesere halii," Bi Mwanaidi akamjibu. Na kazi akampa Lusungu.

Wengi wetu hadithi tungeikatia hapo, tukacheka tukaenda zetu. Lusungu alikuwa na kila haki ya kucheka. Badala yake akasogeza kiti karibu na Skolastika, akalichukua lile sweta lililogoma.

"Dada Skola, mashine yako inaweza kufuma mgongo kwa vipande viwili?"

"Inaweza."

"Basi acha mpasuo hapa. Ukingo wake umalizie kwa mkono, usije ukalegea."

Bi Mwanaidi akashindwa kuvumilia. "Mama Yoeli! Huyu kakuibia nusu ya mtindo, nawe unamkabidhi nusu iliyobaki?"

"Kaniibia, na imeniuma, siwezi kukudanganya," Lusungu akasema. "Lakini masweta yake yameshanunuliwa. Huko majumbani kuna watoto wanavutwa masikio kila asubuhi, na mama zao wanadhani ni ukorofi wa mtoto."

Skolastika akajifunika uso kwa khanga, akalia. Kesho yake aliwaandikia wateja wake wote: nirudishieni masweta, nitayapasua mgongo na kuyatia vifungo bure. Na chini ya kila picha ya matuta ya viazi akaandika jina la Lusungu, aliyeyabuni.

Funzo: Anayekuiga huchukua kinachoonekana, lakini sababu ya kazi yako hawezi kuiiga. Na ukimjua hasa unayemfanyia kazi, utamfundisha hata aliyekuibia, ili yule mdogo asiumie.