Kilio cha Ubeti wa Tatu

Hii nimetumiwa asubuhi, nikashindwa kuikalia peke yangu. Isome, kisha mpelekee unayemtakia mema.

Palikuwa na msusi mmoja mjini Morogoro, jina lake Sikudhani. Sauti alijaliwa, na wimbo alikuwa nao mmoja tu: "Mlango Sijafunga" wa Malkia Zuwena. Mwaka ule wimbo huo hukuwa na pa kuukimbia. Harusini upo, saluni upo, hata bodaboda wakipita wanaupiga.

Sasa, utamu wenyewe ulikuwa ubeti wa tatu. Zuwena akifika pale sauti inakatika, analia kidogo, "mmh, mmh," ndipo anaendelea. Nchi nzima ilikijua kilio kile.

Likatoka tangazo: Malkia anakuja Morogoro, na atakayeuimba wimbo wake vizuri kuliko wote atapanda naye jukwaani jioni hiyohiyo. Weee! Sikudhani akawa anasuka huku analia, mpaka wateja wakamuuliza kama amefiwa.

Siku ikafika, uwanja ukatapika watu. Wa kwanza akalia vizuri, akashangiliwa. Wa pili akazidisha. Akaja kinyozi mmoja, Mashaka, yeye akalia mpaka akapiga magoti, watu wakapagawa. Sikudhani akajiuliza: Alie kilio gani tena kuzidi kile?

Akapanda. Ubeti wa kwanza, safi. Wa pili, moto. Wa tatu, alipofika mahali penyewe, kilio kikagoma. Ala zinamngoja, akaimba lililomjia mdomoni:

"Ukija piga hodi, sitauliza ulikuwa wapi."

"Lia, dada!" mtu akampigia kelele. Wengine wakazomea. Sikudhani alimaliza wimbo akashuka na aibu yake, akijua ndiyo basi tena.

Malkia Zuwena, aliyekuwa pembeni akiwasikiliza wote, akachukua maiki.

"Jamani, leo niseme ukweli. Siku ya kurekodi, pale kwenye ubeti wa tatu nilisahau mstari. Nikababaika, nikaguna. Wenye studio wakasema pabaki hivyohivyo, patamu. Tangu hapo nyinyi mnalia, na mimi nalia kila jukwaa, na mstari wenyewe sijaukumbuka mpaka leo."

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Mashaka akajishika kichwa.

Zuwena akamgeukia Sikudhani. "Mdogo wangu, hebu rudia ulivyosema."

Sikudhani akarudia.

"Sijui kama ndio ule niliousahau," Zuwena akasema, "ila huu ndio ninaoutaka. Jioni usichelewe."

Jioni wakasimama wawili jukwaani. Walipofika ubeti wa tatu hakulia mtu. Uwanja wote uliimba "piga hodi," na aliyeimba kwa sauti ya juu kuliko wote alikuwa Mashaka kinyozi.

Funzo: Mfuate unayempenda, lakini usiige hata kujikwaa kwake. Pale alipokwama yeye, huenda ndipo zamu yako inapoanzia.