Mnana na Mkewe Aliyevuta Kiota

Paukwa!

"Pakawa!"

Mmeitika kama watu walionyimwa chakula! Paukwa!

"PAKAWAAA!"

Haya, hapo sawa. Sogeeni. Na wewe unayetafuna karanga, tafuna polepole.

Hapo zamani za kale, alikuwako ndege Mnana na mkewe, Bi Rehani. Mnana alitamani sana ufundi wa kusuka. Lakini viota vyake, lo! Cha kwanza kilianguka. Cha pili kilianguka. Cha tatu kilianguka na yai ndani, chubwi! mtoni. Bi Rehani akalia siku tatu.

Mnana akasema, "Mke wangu, mimi na kusuka basi."

Siku hiyohiyo Tai, mfalme wa ndege, akatangaza: "Kiota kitakachohimili tufani ya kwanza ya masika, aliyekisuka ndiye fundi mkuu."

"Utasuka," akasema Bi Rehani. "Nina mayai mengine tumboni. Hayataki baba aliyekata tamaa."

Akaenda akaleta ukindu, akauchana kwa mdomo, nyuzi nyembamba. "Wewe shika huku, mimi nashika kule." Mnana akasuka, mkewe akashikilia.

Jioni Bi Rehani akaingia kiotani, akauma uzi mmoja, akavuta. Kiota chote kikafumuka!

"Mke wangu! Ndiyo nini hiyo?"

"Fundo la juu limelegea, mume wangu. Mlango nimeupenda. Tuanze tena."

Jirani yao, ndege Kwera, alicheka nusura aanguke tawini. "Mke gani anayebomoa nyumba ya mumewe? Njoo umwone wangu!" Kweli, mke wa Kwera, kila unyasi ukiwekwa, alipiga vigelegele: "Kama mume wangu hakuna!" Lakini kuvuta, hakuvuta hata mara moja.

Mnana akaona uchungu. "Mbona wewe hunisifu?"

"Nitakusifu. Ila sitaki yai langu lingine liende mtoni."

Mnana akaokota ukindu. Kisha akasema mwenyewe, "Haya, shika kule."

Mara ya pili Bi Rehani akavuta, ubavu ukaachia. Wakaanza tena. Mara ya tatu akavuta, akavuta, akaning'inia kwa miguu, akabembea. Kiota hakikutikisika. Hapo ndipo alipopiga kigelegele, kimoja tu, na Mnana akafurahi mpaka akasahau kula.

Tufani ikaja. Vuuu! Kiota cha Kwera kikaenda na maji. Bahati yao, mkewe alikuwa hajataga. Cha Mnana kilipambazukiwa tawini, mayai matatu ndani, makavu.

Tai akaja. "Fundi ni nani?"

Mnana akamsogeza mkewe mbele. "Tuko wawili."

"Na wewe, mama, umesuka wapi?"

"Sikusuka popote, bwana. Mimi nilikuwa navuta."

"Na kuchana ukindu," akadakia Mnana. "Na kunishikilia nilipotaka kuacha. Bila yeye, bwana, mimi ningekuwa naokota wadudu tu."

Tai akawapa wote wawili ufundi mkuu. Tangu siku hiyo, mke wa Mnana hatagi mpaka avute kwanza. Hata mke wa Kwera alijifunza kuvuta. Kwera hupiga kelele mpaka leo, lakini kiota chake hakianguki tena.

Basi jamani, kidole kimoja hakivunji chawa. Mwenzi anayekupenda hukushikia uzi, na hukwambia palipolegea kabla upepo haujakwambia.

Hadithi yangu nimeifunga fundo hapo. Anayeona imelegea, na avute.