Kinyozi na Gari la Bati Jembamba

Mtu mmoja alikuwa na kifaru kizito na macho mabovu. Kifaru alikionyesha kwa kila mtu, macho aliyaficha.

Kifaru chenyewe hakikuwa cha chuma, msije mkakitafuta Tukuyu nzima. Kilikuwa cha kwenye gemu, ile ya vita vya vifaru ambayo watu wazima na akili zao huicheza hadi chakula kikaungua jikoni. Mtu huyo aliitwa Ambakisye Mwaipopo, naye alikuwa kinyozi. Kila Jumamosi mchana, mvua ikishaanza kupiga mabati, alifunga kibanda chake na kuvuka barabara hadi steshenari ya Atupele, penye kompyuta za kuchapia barua. Saa hizo barua zilipumzika. Atupele mwenyewe aliendesha kigari kidogo cha kupeleleza, maana alikuwa mwanamke asiyependa kitu kimpite bila kukijua. Gwakisa mwenye bucha aliendesha kifaru cha wastani kwa kelele nyingi. Ambakisye alichukua kikubwa kuliko vyote, chenye chuma kinene mbele na pembeni, akakiendesha moja kwa moja kuelekea kwenye moshi.

Wenzake walimwita jasiri. Kumbe jasiri hakuona anakokwenda. Mtoto wa jicho alikuwa ameanza kwenye jicho la kulia, akahamia la kushoto, na sasa dunia yote aliiona kama mtu anayechungulia kupitia mvuke wa sufuria. Ndani ya kifaru kizito hilo halikuwa na shida. Ukigonga ukuta, ukuta unavunjika. Ukipigwa, chuma kinapokea. Ukipotea njia, wenzako wanadhani una mbinu.

Kazini alikuwa na ujanja mwingine. Mteja akikaa kitini na kutaka achongwe mbele na kupunguzwa pembeni, Ambakisye aliguna, akakipapasa kile kichwa kwa vidole vyake, akatamka kwamba kichwa cha namna hii, kusema kweli, kinataka kipara. Kipara hakimwombi kinyozi macho. Kinaomba mkono tu, na mikono yake ilivijua vichwa vya mtaa ule, kila kovu na kila bonde. Basi mtaa mzima ukang'aa. Mwenyekiti wa mtaa, mwinjilisti, Gwakisa wa bucha, wote vipara, na kila mmoja akiamini kwamba ni umbo la kichwa chake lililoamua hivyo.

Lakini msicheke sana, maana mtu huyu alikuwa na hofu. Redio ilitangaza kwamba madaktari wa macho wamefika hospitali ya wilaya, kwamba mtoto wa jicho hutolewa na mtu akaona tena, na kwamba Jumatatu ndiyo siku yao ya mwisho. Ambakisye alilisikia tangazo hilo kila asubuhi, na kila asubuhi alipunguza sauti ya redio. Angekaaje kwenye foleni ile mbele ya wateja wake? Nani angelikabidhi koo lake kwa wembe wa mtu asiyeona? Aliona afadhali macho yamtoke polepole, kimya kimya, kuliko jina limtoke kwa siku moja. Aliumia, na hakumwambia mtu.

Ikafika Jumamosi ya kucheza na watu wa Kyela. Hao walicheza wakiwa kwao, kwa mtandao, na maneno yao ya kejeli yakasikika kwenye spika, ingawa steshenari haikuwa na kipaza sauti cha kuwajibu. Desturi ilikuwa kwamba anayeshindwa anampikia aliyeshinda: Tukuyu wakishindwa, ndizi zinateremka Kyela, Kyela wakishindwa, mchele unapanda Tukuyu. Siku za karibuni ndizi zilikuwa zimeteremka mno. Desturi nyingine ilikuwa kwamba upande mmoja unachagua uwanja na upande wa pili unachagua magari. Safari hiyo magari yalikuwa zamu ya Kyela, nao, kwa kuwa walikwisha kuchoshwa na kile kifaru kinachobomoa kila kitu, wakasema vizito havitaingia.

Ambakisye akabakiwa na gari la Kijerumani la kuwindia vifaru. Lilikuwa mzinga mrefu uliopachikwa juu ya minyororo na kuzungushiwa bati. Kuta zake zilitobolewa hata na risasi ndogo. Paa halikuwa nalo. Mvua na mabomu vyote viliingia bila hodi. Mzinga haukuzunguka kama wa kifaru, kwa hiyo ukitaka kulenga pembeni, gari zima ligeuke. Lakini ukilenga sawasawa, hakukuwa na chuma uwanjani kilichoweza kuuhimili. Gari la aina hiyo hukaa mbali, kichakani, na kungoja wenzake walitazamie adui, kwani lenyewe likijitokeza kutazama, basi tena.

Gwakisa alichungulia skrini ya mwenzake, akasema, "Pole, Mwaipopo. Wamekupa karai lenye bomba."

Raundi ya kwanza Ambakisye aliliendesha karai lile kama alivyozoea, kifua mbele, kuelekea kwenye moshi. Liliungua kabla Gwakisa hajamaliza kucheka, na Kyela wakashinda. Raundi ya pili alijificha kichakani na kutulia huko kama mgeni asiyejua choo kiko wapi. Hakupiga hata mara moja. Gwakisa na Atupele walipigana wawili peke yao, wakashinda kwa bahati na kwa jasho. Ikabaki raundi ya kuamua nani ampikie nani.

Katika raundi hiyo Gwakisa alikatwa mnyororo akiwa nyuma ya ukuta uliobomoka. Hakuweza kusogea mbele wala nyuma. Magari yote matatu ya Kyela yakaanza kumzunguka taratibu, kwa raha zao. Atupele akakimbiza kigari chake hadi mlimani, akawaona wote, akawaonyesha. Katika gemu ile, mpelelezi akimwona adui, alama nyekundu hutokea kwenye skrini za wenzake wote. Alama zikatokea. Ambakisye alikuwa kichakani, mzinga umejaa, adui wako mbele yake. "Kaka, hao hapo!" Atupele alisema. "Piga!"

Akapiga. Bomu likaenda kulipua mnara wa kanisa.

"Kanisa limekukosea nini?" Gwakisa akalia. "Piga tena, nakufa huku!"

Akapiga tena, na safari hii alilipata rundo la nyasi kavu. Watu wa Kyela wakacheka hadi spika ikakwaruza. Ambakisye alijua sasa hana pa kujificha. Ndani ya chuma kinene angeweza kukosa mchana kutwa na asijulikane. Ndani ya bati lile kila kosa lilionekana. Alikuwa na jibu lake la siku zote, kwamba kipanya ni kibovu, na lilikwisha kufika mdomoni. Angelisema, wangeshindwa, ndizi zingeteremka, na Jumatatu madaktari wangefunga masanduku yao na kuondoka. Alimsikia Gwakisa akihema pembeni yake kana kwamba ni yeye mwenyewe aliyezungukwa, naye alimpenda mtu huyo kwa makelele yake yote. Akashindwa kusema habari za kipanya.

"Sioni," alisema. "Macho yangu yameharibika, ndugu zangu, na nimewaficha. Niambieni walipo."

Alingoja aibu imwangukie. Alikwisha kuinamisha kichwa ili impate vizuri.

Atupele hakumwambia pole. Pole angempa baadaye; kwa sasa kulikuwa na vita. "Geuka kushoto, kaka," alisema kwa sauti ya mtu anayemwongoza mwenzake kuvuka mto. "Geuka tena. Umezidisha, rudi kidogo. Hapo." Lakini "hapo" ya Atupele na "hapo" ya Ambakisye hazikukutana. Alipiga, bomu likapita juu ya adui kwa kadiri ya mti mmoja.

Ndipo Gwakisa alipopata akili, na akili za Gwakisa huja kwa nadra ila zikija zimekuja. "Acha kutazama!" alipiga kelele. "Mwaipopo, skrini hiyo ni kichwa changu. Umenikalisha kitini, nakutazama usoni. Wa kwanza yuko juu ya sikio langu, upande wa mkono wako wa kushoto. Pale pale penye kovu, unaponikwaruza kila wiki!"

Mikono ya Ambakisye ikaelewa kabla yake. Kovu lile alilijua kuliko alivyojua njia ya kwake. Akaligeuza gari lote, taratibu, minyororo ikisaga majani, hadi vidole vyake vikamwambia kwamba sasa yupo juu ya sikio. Akapiga. Gari la Kyela likafumuka moto.

Gwakisa aliruka, kiti kikaanguka. "Hama, kaka, wameshakuona!" Atupele alisema, na Ambakisye akarudi nyuma, akaingia kichaka kingine alichoambiwa, bila kuuliza. Bomu la Kyela likapiga pale alipokuwa. "Wa pili yuko utosini," Gwakisa akasema, "shuka kidogo, shuka, usinitoe damu." Akapiga, akampata. Alicheka kwa sauti. Tangu ukungu ule uingie machoni pake hakuwahi kucheka hivyo.

Wa tatu alikuwa mjanja. Alimwacha Gwakisa, akamfuata mpiga mzinga mwenyewe. Risasi zake ndogo zikalitoboa bati kama ungo. Lilitoa moshi, bado lilisimama. Atupele akaona hakuna muda wa maneno. Akakitoa kigari chake mlimani, akakipitisha mbele ya adui, hadharani, adui akageuka kumfuata. "Kidevuni, Mwaipopo!" Gwakisa akanguruma. "Katikati ya kidevu, sasa!" Hapo palikuwa mahali ambapo Ambakisye hakuwahi kumkata mtu. Akapiga, na uwanja ukawa wao.

Kwenye spika wakasikia watu wa Kyela wakiulizana. "Nani huyo wa kwenye mzinga? Jamani, ana macho ya mwewe!" Atupele akafunika mdomo. Gwakisa akakaa chini sakafuni na kucheka hadi machozi yakamtoka, na Ambakisye akacheka nao, kisha akalia, kisha akacheka tena. Hakujaribu kuficha hata kimoja.

Walipotulia, Atupele alimletea chai, akamwuliza ni tangu lini. Aliwaeleza yote, habari za redio, habari za foleni, habari za koo za watu na wembe wake. Gwakisa akajipapasa kichwa polepole.

"Kwa hiyo kichwa changu hakikutaka kipara?"

"Hakijawahi," Ambakisye alisema.

"Mke wangu alisema!" Gwakisa akaanza kucheka upya. Kisha akamshika mkono. "Jumatatu bucha nafunga. Tunakwenda wote."

Wakaenda wote. Kwenye foleni walikuwamo wateja wake wengi kuliko alivyodhani, mwinjilisti akiwa mbele kabisa, kila mmoja akiwa amepunguza redio nyumbani kwake kwa namna yake. Walimsogezea nafasi kwenye benchi. Ambakisye alifanyiwa upasuaji, na kitambaa kilipotolewa, alimwona Atupele kwanza, akashangaa kwamba ana mvi. Atupele alimwambia angoje afike nyumbani ajitazame mwenyewe. Kisha mchele wa Kyela ukapanda Tukuyu pamoja na wapishi wake, watu wakala hadi wakalegeza mikanda, na wageni wakaambiwa ukweli juu ya yule mwewe. Wakabisha sana. Wakataka warudie siku hiyo hiyo. Ambakisye alipoulizwa achague gari, vizito vikiwa vimeruhusiwa, akachagua lile la bati.

Ndugu zangu, kifaru kizito kila mmoja wetu anacho. Cha mwingine ni cheo, cha mwingine ni utani, cha mwingine ni sala ndefu mbele za watu. Ndani yake tunagonga kuta na kuitwa majasiri, na giza linaongezeka. Lile gari la Ambakisye halikuongezwa chuma hata siku moja. Lilibaki jembamba, lisilo na paa, ila lilikuwa na watu wa kulitazamia. Basi wewe uliyeketi hapa leo, ni nani kati ya hawa walio pembeni yako uliyewahi kumwambia usichokiona?