Gari Lililotoka kwa Magurudumu Yake

Methali isemayo "Mchelea mwana kulia hulia yeye" hupendwa sana na watu wenye fimbo. Huitamka huku wakikunja mikono ya shati, kana kwamba wahenga waliitunga ili kuwapa ruhusa. Lakini methali hiyo haitaji fimbo popote. Inamtaja mzazi anayeyaogopa machozi ya mwanawe kuliko anavyoyaogopa madhara yatakayomfika mwana huyo, na inamwonya kwamba machozi yaliyozuiwa hayapotei. Huhama macho tu.

Yadi ya magari yaliyokamatwa ilikuwa nyuma ya kituo cha polisi, imezungushiwa ukuta uliopandwa vipande vya chupa. Magari yalilala humo kama wagonjwa wodini: mengine yakingojea wenyewe, mengine yakingojea mahakama, na mengine hayakuwa yakingojea chochote, maana nyasi zilikwisha kuota hadi kwenye viti. Msimamizi wake alikuwa sajini aliyekaribia kustaafu, mtu mkavu kama kuni za kiangazi, ambaye askari wapya walimwogopa kuliko walivyomwogopa mkuu wa kituo.

"Gari huvutwa kwa sababu tatu," aliwafunza. "Limeziba njia, na mwenyewe haonekani au hataki kuliondoa. Limehusika katika uhalifu au ajali, nasi twalihitaji kama kielelezo. Au ni bovu kiasi cha kuua. Ya nne hakuna. Kuvuta gari si adhabu. Adhabu ina mwenyewe, naye ni hakimu."

Hakuwa mtu wa maneno matupu. Koplo mmoja alipoleta gari la mwalimu aliyemjibu kwa jeuri njiani, Sajini aliamuru lirudishwe pale pale lilipotolewa, na koplo aombe radhi. "Jeuri haizibi barabara," alisema, kisha akaendelea kunywa chai yake.

Mtu huyo aliyenyooka kama uzi wa mwashi alikuwa na mahali pamoja tu palipopinda: kitinda mimba wake. Mtoto huyo, wa kiume wa pekee baada ya mabinti, alipokuwa mchanga alilia siku moja hadi pumzi zikamkatika na midomo ikageuka rangi. Alizinduka, lakini moyo wa baba yake haukuzinduka tena. Tangu hapo ikawa sheria ya nyumba kwamba mtoto asilie. Dada zake walinyang'anywa vya kwao ili anyamaze. Alipochoka na shule aliachishwa shule, na alipochoka na ufundi aliachishwa ufundi. Alikua akijua kwamba machozi ni ufunguo usioshindwa na kufuli yoyote. Hatimaye, akiwa mtu mzima mwenye mke na ndevu, alipata pikapu na kazi ya kubeba mahema na viti vya kukodi. Kazi hiyo hakuichoka. Huenda ndiyo iliyokuwa bahati mbaya yake.

Koplo yule yule alimsimamisha asubuhi moja kwenye barabara ya mlimani. Alipoikanyaga pedali ya breki, ilizama hadi sakafuni bila ubishi. Hakujua dereva ni mtoto wa nani. Alipojua, pikapu ilikuwa tayari imening'inia nyuma ya gari la kukokota, na koplo hakuona sababu ya kuishusha.

"Baba, huyu koplo wako kanionea," mwana alisema walipofika yadini.

"Breki zako zimekufa."

"Hazijafa, zimechoka tu. Ukipampu mara mbili, tatu, zinashika. Mimi nalijua gari langu!"

"Marehemu wote waliyajua magari yao," koplo alisema.

"Wewe nyamaza, bwana. Naongea na mzazi wangu."

Sajini alilala chali akaingia chini ya pikapu. Alikuta bomba la breki limeloa mafuta kama paji la uso la mwenye homa. Aliyajua magari ya namna hiyo. Aliwajua pia madereva wake, ambao huita kupampu breki ustadi na kujivunia, kama kipofu ajivuniaye kwamba hajajikwaa bado. Alitoka akijipangusa mikono.

"Unaijua kanuni ya hapa. Gari lililoingia kwa ubovu wa breki halitoki kwa magurudumu yake, hata likienda kutengenezwa. Litavutwa hadi gereji, mkaguzi atalipima, kisha utalichukua."

"Basi livutwe sasa hivi."

"La kukokota limeitwa kwenye lori lililopinduka. Litarudi kesho."

"Kesho? Baba, harusi ni leo jioni! Viti vyote viko juu yangu. Wageni watatua wapi, chini kama kuku? Nani ataniita tena?"

Sajini alitikisa kichwa. Ndipo mwana alipoketi juu ya tairi kuukuu, akafunika uso, akalia. Haitakuwa haki kusema kwamba alijifanya. Alilia kweli, mabega yakimtikisika, kwikwi zikimkaba.

Na baba yake, aliyekuwa amewatazama wezi, walevi na wajane wakilia katika yadi ile bila kope kumcheza, alijiona tena amebeba kitoto kisichopumua. Aliingia ofisini, akatungua ufunguo.

"Gereji ni hapo chini tu," alisema kwa sauti ya chini. "Nenda moja kwa moja. Gia ya kwanza. Usipakie hata kiti kimoja."

"Haki ya Mungu, baba."

Koplo alikuwa amesimama getini. "Afande, mkaguzi hajaligusa."

"Ni mwanangu."

"Ndiyo, afande. Ndiyo maana nauliza."

"Fungua geti, Koplo."

Amri ni amri. Geti likafunguliwa.

Fundi wa gereji alimwona akipita akampungia mkono, naye akapungiwa. Pikapu ilikwenda kupakia mahema na viti, na wapakiaji wawili wakaketi juu ya mzigo. Iliupanda mlima vizuri, kwa kuwa kupanda hakuhitaji breki. Kwenye mteremko wa upande wa pili dereva alipampu mara mbili, mara tatu, kisha bila kuhesabu. Mzigo ulikuwa ukimsukuma mgongoni kama mdai. Chini kabisa watu walikuwa wakivuka kutoka sokoni. Mashahidi walimpa sifa moja, nayo ni stahili yake: aliukata usukani akawakwepa, akaelekeza gari kwenye ukuta wa kinu cha kusagia. Mpakiaji mmoja aliruka akavunjika mguu. Wa pili hakuwahi kuruka. Dereva alitolewa akiwa maiti.

Sajini alipofika, viti vilikuwa vimetapakaa barabara nzima, na wasamaria walikuwa wakiwaketisha walioishiwa nguvu juu ya vile vilivyopona. Mkuu wa kituo alimvuta kando.

"Nani aliyelitoa gari hili?"

Koplo alitazama viatu vyake.

"Mimi," Sajini alisema. Akavua kofia yake ya kazi akamkabidhi, kabla ya kuombwa.

Matangani alikaa pembeni, macho makavu, akipokea pole kama mtu anayepokea mizigo ya wenzake. Mkewe alikuja akaketi karibu naye. Hakupaza sauti.

"Ungemwacha alie, baba yake," alisema. "Angelilia viti. Kesho yake angenyamaza."

Hapo Sajini alipasuka. Alilia mbele ya wakwe, mbele ya binti zake, mbele ya askari aliowafunza, wala hakufunika uso. Ng'ambo ya uchochoro, katika nyumba ya pili yenye msiba, mama wa mpakiaji naye alikuwa akilia, ingawa yeye hakumchelea mtu yeyote. Kweli, mchelea mwana kulia hulia yeye, na huwaliza na wasiokuwamo.