Syombua na Mshale Usio na Manyoya

Paukwa!

Pakawa!

Paukwa tena, wa nyuma hawajaitika!

Pakawa!

Basi sogeeni. Zamani, katika nchi ya vilima vikavu na mizinga ya nyuki, palikuwa na msichana aitwaye Syombua. Baba yake alikuwa amefariki, akamwachia upinde mrefu na mdogo wake mmoja, Ndinda.

Siku moja Ndinda alikwenda kuokota kuni korongoni, asirudi. Zimwi lilimkamata, likamfungia ndani ya boma la miiba.

Syombua akafuata nyayo. Akalikuta zimwi limeketi kando ya shamba lake la mtama, ulimi umening'inia hadi magotini.

"Nirudishie mdogo wangu!"

"Mtama ukiiva nitasonga ugali," zimwi likajibu. "Na ugali haushuki bila kitoweo."

"Nitakuua kabla."

Zimwi likacheka mpaka likajishika mbavu. "Moyo wangu uko mle." Likaonyesha mzinga uliotundikwa juu ya korongo. Tundu la kupitia nyuki lilitosha kidole tu. "Piga humo, nife. Kila ukija nakuruhusu kupiga mshale mmoja. Huku sina mchezo mwingine."

Syombua hakuwahi kuvuta upinde maishani mwake. Alichukua upinde wa marehemu baba, akaazima mishale ya mjomba wake. Aliona mshale ni mshale tu.

Mtama ulipochanua, akaenda. Akavuta, akaachia. Mshale ukaondoka ukitikisa mkia. Ulimi wa zimwi ukaruka, ukaudaka hewani.

"Nyoka huyo! Nyoka anaogelea!" zimwi likacheka.

Syombua akarudi nyumbani. Akachukua mshale mwingine, akaufunga manyoya ya kanga, akaongeza ya jogoo, akaongeza na ya kipanga. Mtama ulipojaa maziwa, akaenda. Akavuta, akaachia. Mshale ulitulia kidogo, lakini mkia ukatikisika tena. Ulimi ukaudaka.

"Nyoka huyo! Nyoka anaogelea! Na leo kavaa kilemba!"

Zimwi likalamba manyoya yote, likatema, likamtupia ule mti mtupu. "Shika, ukapikie uji!"

Ndinda akaita kutoka ndani ya miiba, "Dada, mtama umeanza kuwa mwekundu!"

Basi Syombua akarudi analia. Kwa hasira akaupachika ule mshale mtupu, akapiga kichuguu kilichokuwa nyuma ya nyumba. Ukazama umekaa mshazari, mkia juu, ncha imeelekea kushoto. Akauchomoa, akapiga tena. Mkia juu, ncha kushoto. Akapiga tena. Mkia juu, ncha kushoto.

Shangazi yake Kalunde alikuwa anapepeta nafaka uani. "We mtoto, mchwa wamekukosea nini?"

"Shangazi, njoo uone. Mshale unakosea vilevile kila mara."

Kalunde akaweka ungo chini, akainama kutazama. "Basi hiyo si bahati mbaya, mwanangu. Hilo kosa lina mahali linapokaa. Yale manyoya uliyouvalisha kama bibi harusi yalikuwa yanalificha tu. Hebu, unaupachika wapi kwenye kamba?"

"Hapa."

"Juu mno. Ndiyo maana mkia unaruka. Shusha kidogo, kisha ufunge uzi pale, upachike hapo hapo kila mara."

Syombua akafunga uzi. Akapiga. Mkia ukatulia, lakini ncha bado iliangalia kushoto.

"Na mishale yenyewe ya nani?"

"Ya mjomba."

"Ee! Mjomba wako na upinde wake mgumu kama mchi! Huu wa kaka yangu ni laini. Mshale hupita ubavuni mwa upinde, sharti ujinyumbue kidogo. Huo haujui kunyumbuka, kwa hiyo unasukumwa kando. Ukwangue."

Syombua akachukua kisu, akakwangua, akapiga. Akakwangua, akapiga. Akawa na haraka, akakwangua mno, mshale ukaelekea kulia.

"Huo sasa una njaa," shangazi akasema. "Chukua mwingine. Taratibu."

Akachukua mshale mwingine, akaunyonyoa manyoya, akaanza upya. Akakwangua kidogo, akapiga, akatazama. Alfajiri moja ukazama kwenye kichuguu umenyooka, mkia haukupanda, ncha haikwenda kushoto wala kulia. Akapiga tena. Umenyooka. Akapiga tena. Umenyooka.

Hakungoja hata uji. Akakimbia korongoni.

Mtama ulikuwa mwekundu. Zimwi lilikuwa limekwisha kuusaga, na chungu kilikuwa kinatokota. Likamwona Syombua na mshale wake mtupu, likaangua kicheko.

"Hata manyoya hakuna! Umeniletea kuku aliyenyonyolewa!"

Syombua akainua upinde. Akapachika chini ya uzi. Akavuta mpaka shavuni. Akaachia.

"Nyoka hu..."

Zimwi halikumaliza. Ulimi wake ulizoea kungoja mkia utikisike, na mkia haukutikisika. Ulimi ukadaka upepo. Mshale ukaingia kwenye tundu la mzinga bila kugusa ukingo.

Nyuki wakatoka wakivuma. Zimwi likashika kifua, likayumba, likaanguka ndani ya chungu chake lenyewe, likageuka majivu.

Syombua akakatakata miiba kwa kisu. Ndinda akatoka, mikono imechubuka, nywele zimejaa majani.

"Dada, umekawia!"

"Nilikuwa nauliza mshale unataka nini."

"Ukakujibu?"

"Haukujibu mpaka nilipoacha kuufunika. Unaweza kutembea?"

"Kutembea?" Ndinda akasema. "Mimi nataka kukimbia."

Wakakimbia, wameshikana mikono, mpaka uani kwa shangazi.

Hadithi yangu inatua hapo, sina nyingine ya kuongeza. Watoto, anayeanza kazi asione haya kulitazama kosa lake. Akilifunika, litabaki. Akilitazama vizuri, atajua pa kulirekebisha.