Kwa Nini Kuku Akinywa Maji Hutazama Juu

Sogeeni, wenye watoto na wasio nao. Zama hizo kuku na bata walikaa ua mmoja, na yai la jirani likikosa mama, uliliatamia bila kuombwa. Ndivyo Koo, kuku mcha Mungu aliyesifika kwa malezi, alivyompata mtoto wa bata. Mama mtu alichukuliwa na kicheche. Koo akalisukumia yai kifuani pake, likaanguliwa pamoja na ya kwake. Koo akamwita mtoto huyo Amana.

Kanga, jirani mwenye mdomo, alikuja kutoa hongera, akaangua kicheko.

"Shoga, miguu gani hii, imetandwa ngozi kama mwavuli! Lea utakavyo, huyu ni wa majini tu."

"Mtoto ni malezi, bibi wewe. Huyu atakuwa kuku kuliko hawa wangu wa kuzaa."

"Haya. Macho tunayo."

Maneno yale yalimchoma Koo. Tangu hapo hakumlea Amana kwa mapenzi tu. Alimlea ili Kanga aaibike.

Sasa Amana alikuwa na katabia kake. Kila asubuhi aligeuza shingo, akasugua mdomo kwenye shina la mkia palipo na mafuta, kisha akajipaka mwili mzima. Hakufundishwa na mtu. Koo aliona uchafu.

"Acha kujipakapaka! Sisi tunaoga vumbi."

Akamdonoa kisogoni, akamgaragaza mavumbini na vifaranga wenzake mpaka manyoya yakakauka kama majani ya kiangazi. Mtoto mwenyewe mtiifu.

"Nimetakata, mama?"

"Umetakata, mwanangu."

Kisha Koo akampitisha mbele ya Kanga, kifua mbele. Yale mafuta ni ya nini, hakujiuliza hata mara moja.

Masika yakaingia, bwawa likajaa hadi ukingoni mwa ua. Bata wakubwa wakapita wakielea. Amana akasimama anatetemeka, kama mtu aliyesikia akiitwa.

"Mama, miguu inataka."

"Rudi hapa!"

Alikwisha ingia. Na kuogelea alijua! Kanga akapiga vigelegele: "Si nilisema? Kazaliwa nako!"

Lakini manyoya yasiyo na mafuta yalikunywa maji kama kitambaa. Mgongo ukazama, ikabaki shingo.

"Mama, nimekuwa mzito!"

Koo akakimbia ukingoni huku na huku, anaburura mbawa, analia, kuogelea hajui. Bata wakubwa walipomsukuma mtoto nchi kavu, alikuwa ameshapoa, hana roho.

Kanga akasogea ukingoni taratibu. "Pole, shoga. Ndivyo alivyoumbwa."

"Kuyafuata maji ndiko alikoumbwa nako," Koo akasema. "Kuzama nimemfundisha mimi."

Hakula siku ile. Kiu ilipomshinda aliinamia maji, akapiga funda moja, likamkwama. Akainua kichwa mbinguni: "Mola, nisamehe. Ulinipa mtoto, nikamfanya ubishi." Ndipo likashuka. Akainama tena, akainua tena, na kila funda likataka toba yake. Vifaranga wake wakamtazama, nao wakainua vichwa.

Na tangu siku hiyo kuku hamezi maji bila kutazama juu. Wapo wasemao kaumbwa hivyo, wapo wasemao kaiga kwa mama yake, na wanabishana hadi leo. Kuku mwenyewe hayumo. Anainama, anapiga funda, anaomba.